Gunia Gani? Namna ya Kupima Nani Kapata Nini Mkoani Dodoma

Ukifika soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, ukauliza bei ya gunia la mahindi, mzoefu hakutajii bei. Anakuuliza: gunia gani? Lipo gunia la kilo mia lililopita kwenye mizani, na ipo lumbesa, ile iliyoshonewa kilemba juu ikabeba debe moja au mawili ya ziada. Yote mawili yanaitwa gunia. Mkulima anayekubali bei kabla ya kuuliza ndiye anayefika nyumbani na kuanza kujilaumu.

Swali hilo hunijia kila msimu wa bajeti. Mwezi Juni wabunge wamejaa mjini, redio ya kila bajaji inataja asilimia, na vijiweni hakukaliki. Mmoja anasema uchumi umekua, kasikia kwa waziri mwenyewe. Wa pili anageuza mfuko wa suruali nje. Wa tatu anasema Dodoma sasa ya matajiri, kwani hamyaoni maghorofa? Wa nne kafika jana kutoka Chemba na anataka kujua hiyo Dodoma inayozungumzwa ni ipi, maana na kwao ni Dodoma vilevile. Nimewasikiliza watu wa namna hii mara nyingi, na kwa kweli hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja kashika gunia lake.

Tuanze na maneno, kwa kuwa nusu ya ubishi wa kijiweni unatokana na neno moja kutumika kwa vitu viwili. Umaskini ni habari ya mtu kuwa chini ya mstari fulani: ana cha kutosha au hana. Pengo ni habari ya umbali kati ya mtu na mtu: huyu anacho mara ngapi ya yule. Kimoja kinaweza kushuka huku kingine kinapanda. Usawa ni kila mtu kupata kiasi kile kile. Halafu lipo jambo la nne ambalo Kiswahili chake bado hakijatulia. Wapo wanaoliita usawia, wapo wanaosema haki katika mgawanyo. Maana yake ni mtu kupata kulingana na haja yake na pale alipoanzia.

Tofauti ya hayo mawili ya mwisho inaonekana vizuri kwenye maji. Chukua vijiji viwili, kimoja cha watu 2,000 na kingine cha watu 6,000. Halmashauri ikijenga kituo kimoja cha kuchotea maji kila kijiji, imetenda usawa, na picha za uzinduzi zitafanana. Lakini Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, tena kisiwe mbali zaidi ya mita 400 kutoka kwenye makazi. Kwa hesabu hiyo kijiji cha kwanza kinahitaji vituo 8, cha pili 24. Kile kimoja kimoja cha usawa kimewaacha watu wa kijiji cha pili wakibanana kituoni mara tatu ya wenzao, na hakuna aliyewaibia.

Sasa huo mstari wa umaskini unachorwa wapi? Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Dodoma, hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Katika ule wa mwaka 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara uliwekwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, kwa bei za wakati ule. Gawanya kwa siku thelathini upate shilingi 1,644. Humo kuna chakula na mahitaji mengine ya lazima. Waliokuwa chini ya mstari huo walikuwa asilimia 26.4 ya watu. Ukiwa na kaya yenye mahitaji ya watu wazima wanne, inatakiwa itumie shilingi 197,280 kwa mwezi ndipo ivuke. Mtoto mdogo hahesabiwi kama mtu mzima kamili, anahesabiwa kama sehemu yake, kwa kuwa hali chakula kingi kama baba yake. Ingawa wazazi wa vijana wa kiume wa miaka kumi na sita watakuwa na la kusema hapo.

Watu wengi wanadhani mdadisi wa utafiti akibisha hodi amekuja kuuliza mshahara. Kwa kaya nyingi za mkoa huu swali hilo halina jibu. Anachofuatilia hasa ni matumizi, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mpe mdadisi kijana, mkalishe chini ya mwembe huko Bahi mbele ya mama mwenye nyumba:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Jana mmenunua chakula gani?"

"Jana? Hatujanunua kitu."

Kijana mvivu anaandika sifuri na kugeuza ukurasa. Kijana aliyefundwa anauliza tena: "Sasa mlikula nini, mama?" Walikula ugali wa uwele na mlenda. Uwele wa wapi? Wa shambani. Mlenda? Umechumwa tu, huko huko. Maziwa? Ya ng'ombe wetu, watoto walikunywa asubuhi. Vyote hivyo vinatakiwa viandikwe kwa kipimo, kisha vipewe bei ya soko la pale kijijini, kana kwamba vimenunuliwa. Kaya iliyoonekana haina kitu sasa ina matumizi ya maelfu kadhaa kwa siku moja. Mama hajaongezewa hata senti. Amehesabiwa vizuri tu.

Na tarehe nayo ina uzito wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na si nyingi. Kaya iliyotembelewa Februari, ghala tupu na palizi imepamba moto, na kaya hiyo hiyo Julai baada ya kuvuna, ni kama kaya mbili. Ndiyo maana utafiti ule ulitandazwa mwaka mzima, kuanzia Desemba 2017 hadi Novemba 2018. Anayekuletea takwimu za hali ya maisha zilizokusanywa wiki moja tu, muulize ilikuwa mwezi gani.

Kuna jambo moja kwenye asilimia hizo linalowapotosha hata watu makini. Mwaka 2011/12 umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 28.2, na 2017/18 ukawa 26.4. Umepungua, hapo hakuna ubishi. Lakini katika kipindi hicho watu waliongezeka, kiasi kwamba idadi ya maskini kwa vichwa ilipanda kutoka takriban milioni 12 hadi takriban milioni 14. Waziri anayetaja asilimia na mpinzani anayetaja vichwa wanasoma kitabu kimoja. Ukiniuliza mimi, yeyote anayetaja moja bila nyingine anauza lumbesa.

Hadi hapa tumezungumzia mstari tu. Pengo lenyewe bado hatujaligusa, na hapa naomba kalamu na karatasi, hesabu ni ya darasa la sita. Nitatunga kitongoji chenye kaya kumi. Matumizi yao kwa mwezi, kwa maelfu ya shilingi, ni haya: 60, 70, 80, 90, 100, 110, 120, 150, 220, na ya kumi, ya mfanyabiashara mwenye malori ya alizeti, ni 1,000. Jumlisha: milioni mbili. Gawanya kwa kumi: wastani ni laki mbili kwa kaya.

Ukiambiwa kwamba kitongoji kile kaya inatumia wastani wa laki mbili, unapata picha gani mawazoni? Labda kaya ya kawaida yenye laki mbili. Tafuta sasa hiyo kaya. Haipo. Nane kati ya kumi ziko chini ya wastani, tena sita kati ya hizo hazifiki hata laki na ishirini. Ukizipanga kwa mstari na kuangalia zilizo katikati, ya tano na ya sita, unapata 105,000. Hiyo namba ya katikati inamjua mkazi wa kitongoji kuliko wastani unavyomjua. Wastani unavutwa na mwenye malori.

Mwaka unaofuata mfanyabiashara yule mambo yanamnyookea, anafikia 1,500. Wengine tisa wako pale pale, hakuna aliyeongeza hata mia. Wastani wa kitongoji sasa ni 250,000. Umekua kwa asilimia 25! Mtu akisimama jukwaani na kusema hali ya kitongoji imepanda kwa robo hajadanganya kwa hesabu, na wale tisa wakiguna nao hawajakosea.

Kwa kulipima hilo pengo kuna kipimo kinachoitwa Gini, kutokana na jina la Mwitaliano Corrado Gini aliyekitoa mwaka 1912. Hakina uchawi wowote. Kinaanzia sifuri, maana yake kila kaya ina sawa na nyingine, na kinaishia moja, maana yake kaya moja imebeba vyote na wengine wanatazamana. Kitongoji chetu cha mwanzo kina Gini ya karibu 0.50. Baada ya mwenye malori kupanda, inafika 0.58. Kwa Tanzania Bara, utafiti ule wa 2017/18 ulitoa 0.38, Benki ya Dunia, kwa namna yake ya kukokotoa, inaiweka kwenye 0.40 na kidogo. Unaona basi kwamba hata wapimaji wenyewe magunia yao hayalingani sana, na ukilinganisha namba ya huyu ya mwaka jana na ya yule ya mwaka huu unaweza kugundua mabadiliko ambayo hayakutokea.

Ila Gini ina upofu wake. Tuseme ukame umepiga na kila kaya kwenye kitongoji chetu imepunguza matumizi kwa nusu: aliyekuwa na 60 ana 30, mwenye milioni ana laki tano. Gini inabaki 0.50 ile ile, haijatikisika. Kaya ya kwanza inalala njaa, kipimo kinasema hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kusikia kwamba pengo ni dogo mahali fulani si lazima iwe habari njema. Njaa ikienea sawasawa nayo inaleta Gini nzuri.

Sasa turudi mjini, kwenye maghorofa ya yule wa tatu wa kijiweni. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kwelikweli, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kukaa kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka arobaini. Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa; ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Si wote hao ni watumishi wa wizara, wapo waliozaliwa na wapo waliofuata biashara, lakini waliokuja na mshahara wa uhakika ni wengi.

Fikiria mtaa wenye kaya kumi, kila moja inatumia laki mbili kwa mwezi. Zinahamia kaya tano, kila moja ya laki nane. Jumla ni milioni sita kwa kaya kumi na tano, wastani laki nne. Wastani wa mtaa umeongezeka mara mbili, na wale wenyeji kumi wameamka asubuhi na laki mbili zao zile zile. Hii ndiyo habari ambayo naona inasahaulika kuliko zote katika mazungumzo ya Dodoma mpya. Mahali panaweza kutajirika bila mtu wa mahali pale kutajirika. Ili kujua wenyeji wamepata nini, inabidi uwafuate wenyeji wale wale mwaka hadi mwaka.

Na wenyeji nao si kundi moja. Mwenye shamba la urithi Ihumwa au Mtumba kabla ya 2016 na mpangaji wa chumba kimoja Chang'ombe wameupokea ujio huo kwa njia mbili tofauti kabisa. Wa kwanza ardhi yake imepanda bei akiwa amelala. Wa pili kodi ndiyo iliyopanda. Tena hapa kuna kichekesho cha takwimu: mpangaji aliyepandishiwa kodi sasa anatumia fedha nyingi zaidi kwa mwezi, na kwa jicho la haraka anaonekana ameendelea. Watakwimu wazuri hurekebisha kwa kuangalia mabadiliko ya bei. Wasio wazuri wanampongeza.

Wa nne, yule wa Chemba, ana lalamiko jingine. Mkoa una wilaya saba, na watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022, wengi wao nje ya jiji. Takwimu ya mkoa ni wastani wa Jiji, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na kwao. Kwa nini hatupewi ya kila wilaya? Sababu si hila. Utafiti wa matumizi ya kaya huchukua sampuli, na sampuli hiyo ilitosha kusema jambo la maana kuhusu mkoa. Ukiikata tena kwa wilaya zinabaki kaya chache mno, ni sawa na kuonja sufuria saba za mchuzi kwa kijiko kimoja. Sensa kwa upande wake inafika kila mlango, kwa hiyo inaweza kusema habari za kata na hata mtaa: paa la nini, choo gani, nishati gani ya kupikia, nani amesoma. Lakini karani wa sensa hakai na mama chini ya mwembe kuuliza mlenda. Sensa ni pana na utafiti ni wa kina, na wataalamu huviunganisha kukadiria ramani ya umaskini. Ni makadirio, na yasomwe hivyo.

Hapo kwenye paa nina neno. Vipimo vingi vya hali ya maisha vinaihesabu nyumba ya paa la udongo kuwa dalili ya ufukara, na bati kuwa dalili ya kupanda. Tembe la Kigogo, lile la paa bapa, kwenye vipimo hivyo halina chake. Aliyewahi kukaa chini ya bati lisilo na dari Dodoma saa nane mchana mwezi wa kumi na moja, kisha akaingia kwenye tembe, anajua kwamba fundi wa tembe alikuwa amefikiri. Sisemi tusitamani bati. Tembe linavuja na lina kazi ya kulikarabati kila mwaka. Nasema dodoso lina maoni yake, na limeyaficha kwenye visanduku.

Maoni hayo yana matokeo. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wanakijiji wenyewe hutaja kaya maskini kwenye mkutano, kisha kaya zilizotajwa hujaziwa dodoso linaloangalia vitu kama nyumba na mali. Ndipo huzuka yale manung'uniko unayoyasikia kila kijiji: fulani ana bati, mbona yumo? Bibi wa nyumba ya pili mbona katoka? Pengine bati ni la mtoto aliyeko Dar es Salaam. Pengine si hivyo. Kila kipimo kinawaacha nje watu waliostahili na kuwaingiza wasiostahili, na cha muhimu kuuliza ni kiasi gani, na nani ana nafasi ya kukata rufaa.

Halafu kuna mlango ambao karibu vipimo vyote vinaishia hapo: mlango wa kaya. Kaya inahesabiwa kana kwamba sufuria ni moja na kijiko ni kimoja. Mume akiuza zabibu za shamba alilopalilia na mkewe na fedha zikaishia mahali wanapojua wanaume, kitabuni kaya imetumia, na mke amehesabiwa kuwa naye amepata. Ukitaka kujua usawa wa mke na mume, inabidi umuulize mke peke yake, mume akiwa hayupo.

Hata sheria nzuri inaweza kugawa bila kulingana. Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Asilimia ni ile ile Jijini na Chemba. Lakini Jiji la Dodoma ni kati ya halmashauri zinazokusanya fedha nyingi nchini, lina viwanja, hoteli na maduka. Halmashauri ya vijijini ina ushuru wa mazao na minada ya ng'ombe, na mwaka wa ukame hata hivyo vinapungua. Kikundi cha akina mama cha mjini na cha kijijini vina haki ya kipande kile kile, ila keki si moja.

Kijiji kimoja niliwahi kulala, sikitaji jina, kwenye orodha ya huduma kimeandikwa kina kituo cha maji kinachofanya kazi. Ni kweli kinacho, na kweli kinafanya kazi. Asubuhi nilikwenda kukaa pale nikahesabu: ndoo na madumu 61 kwenye foleni, mengi yamefungwa kamba za rangi ili kila mtu ajue lake, na maji yanatoka wembamba wa kidole. Msichana aliyeweka dumu la mwisho alikuwa na sare ya shule. Nikamuuliza kafika saa ngapi. Saa kumi na mbili. Lilipojaa ilikuwa saa tano kasorobo, na kengele ya shule ilikuwa imelia zamani.